Virutubishi Vidogo katika Alfalfa ya Umwagiliaji: Boroni, Zinki na Ziada ya Molibdeni katika Udongo wa Mwamanyili, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanajadili urutubishaji wa alfalfa ya umwagiliaji kwa virutubishi vidogo katika mazingira ya kata ya Mwamanyili. Hoja kuu ni kwamba pendekezo moja la mbolea kwa kata nzima halifai, kwa kuwa udongo wa Usukuma hubadilika kutoka kilimani hadi mbugani ndani ya umbali mfupi, na mabadiliko hayo hugeuza upatikanaji wa virutubishi: mahali ambapo zinki huadimika ndipo molibdeni huelekea kuzidi. Ziada ya molibdeni haijitokezi kwenye mmea. Hujitokeza kwa ng'ombe anayelishwa mmea huo. Kwa sababu hiyo, makala yanashauri kwamba upimaji wa alfalfa inayokusudiwa kuwa lishe uhusishe afya ya mnyama na si mavuno ya majani peke yake.

1.0 Utangulizi

Kata ya Mwamanyili imo wilayani Busega, mojawapo ya wilaya tano za mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ambao makao yake makuu yako Bariadi. Wilaya ya Busega hugusa Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Speke. Uchumi wa wakazi wake, walio wengi Wasukuma, umejengwa juu ya pamba, mahindi, mpunga na ng'ombe. Kwa mfugaji wa eneo hili, kipindi kigumu ni kati ya Juni na Oktoba, wakati nyasi zimekauka na mifugo hupungua uzito hadi mvua zirudi.

Wasukuma wana jibu lao la kale kwa tatizo hilo, nalo ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lichungwe kiangazi. Ngitili ilipata nguvu mpya kupitia programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanza mwaka 1986. Hata hivyo, ngitili huhifadhi wingi wa malisho kuliko ubora wake, kwa maana nyasi zilizokaukia shambani hubaki na protini kidogo. Mashudu ya pamba huziba pengo hilo kwa anayeweza kuyanunua.

Alfalfa, yaani Medicago sativa, huingia katika mjadala huu kama chanzo cha protini ambacho mfugaji mwenye maji anaweza kukizalisha mwenyewe. Zao hili si la asili ya Usukuma. Wengine huliita lusani, jina ambalo halina budi kutenganishwa na lusina, mti wa malisho wa jenasi ya Leucaena, na pia na luseni, ambalo kwa Kisukuma ni aina ya udongo wa kichanga. Tahadhari hii yaweza kuonekana ndogo, lakini mkanganyiko wa majina hayo katika orodha ya pembejeo humletea mkulima mbegu ambayo hakuikusudia.

2.0 Kinachoondoka shambani

Alfalfa ya umwagiliaji katika ukanda wa joto huweza kukatwa kila baada ya wiki nne hadi sita, mwaka mzima, kwa miaka mitatu au zaidi. Tofauti yake na malisho ya kuchungwa ni kwamba majani hukatwa na kubebwa hadi zizini, na samadi aghalabu hairudi pale yalipotoka. Kila mkato, kwa hiyo, ni uhamisho wa madini.

Ukubwa wa uhamisho huo unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Ichukuliwe, kwa mfano tu, hekta moja inayotoa tani 12 za majani makavu kwa mwaka, yenye miligramu 35 za boroni, 25 za zinki, 8 za shaba na 2 za molibdeni katika kila kilo. Viwango hivyo vimo ndani ya mipaka ya kawaida ya alfalfa yenye afya. Hekta hiyo itapoteza gramu 420 za boroni, gramu 300 za zinki, gramu 96 za shaba na gramu 24 tu za molibdeni.

Hesabu hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, boroni ndiyo inayoongoza kwa kuondoka, na gramu 420 ni sawa na takribani kilo 3.8 za boraksi yenye asilimia 11 ya boroni. Si gharama ya kumshinda mkulima. Pili, hitaji la molibdeni ni dogo mno, kiasi kwamba kosa la kipimo ambalo kwa zinki lisingekuwa na madhara, kwa molibdeni laweza kuwa mara kumi ya kiasi kinachotakiwa.

Ikumbukwe pia kwamba virutubishi vidogo haviwezi kufidia upungufu wa fosforasi, potasiamu au salfa. Shamba lenye njaa ya fosforasi halitaonesha faida ya boroni. Fosfati ya Minjingu, ambayo ni mali ya nchi, huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, lakini katika udongo wa alikali huyeyuka polepole sana. Jambo hilo pekee latosha kuonesha kwa nini kupima udongo hutangulia kununua mbolea.

3.0 Mteremko wa udongo na maana yake

Dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo unaojirudia kwa mpangilio uleule kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, ilitolewa na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani, kutokana na kazi yake ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Usukuma ni miongoni mwa mahali ambapo dhana hiyo huonekana kwa macho. Wakulima wenyewe walikuwa na majina ya kila hatua ya mteremko: luseni na isanga, udongo wa kichanga wa sehemu za juu, kikungu, udongo mwekundu, itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini, ambao siku hizi hulimwa mpunga wa majaruba, ibambasi, wenye magadi na mgumu kama sakafu, ibushi, wa mfinyanzi wenye chokaa, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Watafiti wa mifumo ya kilimo waliokuwa Ukiriguru waliyatumia majina haya katika kazi zao kwa sababu hubeba taarifa nyingi kuliko majina mengi ya kitaalamu.

Alfalfa haivumilii maji yaliyotuama. Mzizi wake mkuu huoza, na vinundu vyake hufa kwa kukosa hewa. Hivyo katikati ya mbuga na kwenye itogolo hapafai, hata kama maji ya kumwagilia yako karibu. Yanayobaki ni maeneo mawili yenye tabia zinazopingana: juu, luseni, isanga na kikungu, ambako udongo huelekea kuwa na tindikali na mboji kidogo, na chini, ibushi na kingo za mbuga zisizotuamisha maji, ambako udongo huelekea alikali na huwa na chembe za chokaa.

Kipimo cha pH ndicho hufafanua tofauti ya maeneo hayo kuhusu virutubishi vidogo. Kila pH inapopanda kwa hatua moja, kiwango cha ioni za zinki katika maji ya udongo hushuka kwa takribani mara mia moja. Chuma na manganizi nazo hupungua. Molibdeni hufuata njia ya kinyume: iko katika umbo la molibdati, yenye chaji hasi, na kila pH inapopanda kwa hatua moja huongezeka kwa takribani mara mia moja. Kwa maneno mengine, mkulima anaposhuka mteremko kutoka luseni hadi ibushi, anatoka katika eneo ambalo molibdeni inaweza kukosekana na kuingia katika eneo ambalo inaweza kuzidi, ingawa jumla ya madini hayo ardhini haijabadilika sana. Umbali wenyewe mara nyingi ni wa kutembea kwa miguu.

4.0 Boroni

Miongoni mwa mazao ya shambani, alfalfa ni mojawapo ya yanayohitaji boroni kwa wingi. Dalili za upungufu huanza juu, kwenye majani machanga, kwa kuwa boroni haihamishwi kwa urahisi kutoka majani makuukuu: majani ya ncha huwa ya njano au mekundu, pingili hufupika, na mmea huonekana kama umefungwa fundo kichwani. Wadudu wafyonzao wa jamii ya panzi-majani huleta umanjano unaofanana na huo, ila wao huacha alama ya umbo la V kwenye ncha ya kijani. Asiyetofautisha mambo haya mawili atapuliza boroni kwa ugonjwa wa wadudu.

Kipimo cha kuaminika ni uchambuzi wa sentimita 15 za juu za mmea, zikikatwa pale sehemu moja ya kumi ya mashina imeanza kutoa maua. Chini ya miligramu 20 kwa kilo ya majani makavu ni upungufu; kati ya 30 na 80 ni utoshelevu. Sampuli ya mmea mzima, au ya mmea uliokwisha komaa, haiwezi kulinganishwa na viwango hivyo.

Sehemu kubwa ya boroni inayopatikana kwa mmea imo katika mboji ya tabaka la juu. Tabaka hilo linapokauka, mzizi mrefu wa alfalfa huendelea kupata maji kutoka chini, lakini hukosa boroni. Ndiyo maana shamba laweza kuonesha upungufu katika wiki ambayo pampu imeharibika na kupona maji yanaporudi, bila mbolea yoyote kutiwa. Katika luseni tatizo ni jingine: boroni huoshwa na maji, na umwagiliaji wa kupitiliza huharakisha upotevu huo. Huko, kilo moja hadi mbili za boroni kwa hekta kwa mwaka, zikigawanywa mara mbili baada ya mkato, zina mantiki kuliko dozi moja kubwa. Mbolea hiyo isiwekwe katika mstari mmoja na mbegu, kwa kuwa mpaka kati ya dawa na sumu ni mwembamba. Maharage yatakayofuata katika mzunguko wa mazao ni mepesi kudhurika. Ibambasi na udongo mwingine wenye magadi unaweza kuwa na boroni nyingi tayari. Pasipo kipimo, isitiwe.

Wakulima wengi hununua mbolea za kupulizia majani, maarufu kama busta, zenye mchanganyiko wa virutubishi vyote kwa pamoja. Kwa zao linalopoteza gramu mia nne za boroni kwa mwaka, kiasi kilichomo katika mipulizo michache ya busta aghalabu hakitoshi kuziba pengo, na molibdeni iliyomo huingia hata mahali isipohitajika.

5.0 Zinki, shaba, chuma na manganizi

Virutubishi hivi vinne vinaweza kuelezwa kwa pamoja. Njia ya DTPA iliyochapishwa na Lindsay na Norvell mwaka 1978 ilibuniwa kwa ajili ya udongo wa alikali na wenye chokaa, kwa hiyo inafaa ibushi na kingo za mbuga. Viwango vya rejea ni takribani miligramu 0.8 kwa kilo ya udongo kwa zinki, 0.2 kwa shaba, 1.0 kwa manganizi na 4.5 kwa chuma. Alfalfa si nyepesi kuonesha upungufu wa zinki kama yalivyo mahindi na mpunga. Mkulima ambaye mahindi yake ya jirani yana mistari myeupe kwenye majani amekwisha kupata onyo ambalo alfalfa yenyewe ingechelewa kulitoa. Salfeti ya zinki hutosha, na baadhi ya mbolea za mchanganyiko zitengenezwazo nchini, ikiwamo Minjingu Mazao, zina zinki, shaba na boroni kwa viwango vidogo.

Shaba ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa jicho tofauti, si kwa sababu alfalfa huikosa mara nyingi, bali kwa sababu ya kinachotokea baadaye tumboni mwa ng'ombe.

6.0 Molibdeni: faida ya mmea na hasara ya mnyama

Molibdeni ni sehemu ya nitrojenasi, kimeng'enya ambacho bakteria wa vinundu hukitumia kubadili nitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea. Bila molibdeni vinundu huwepo lakini hubaki vidogo na vyeupe badala ya kuwa na wekundu ndani, na shamba zima hupauka kana kwamba limekosa mbolea ya nitrojeni. Kabla ya kuilaumu molibdeni, hata hivyo, ni lazima kuuliza kama bakteria wenyewe wapo. Alfalfa hushirikiana na Sinorhizobium meliloti, ambaye ni tofauti na bakteria wa maharage, kunde na karanga. Katika kata ambayo alfalfa haijawahi kulimwa, mbegu isiyopakwa bakteria wake itatoa mimea ya njano, na hakuna kirutubishi kidogo kitakachoiponya.

Katika luseni na isanga yenye tindikali, gramu 100 hadi 200 za molibdeni kwa hekta huweza kutosha kwa miaka kadhaa. Chokaa nayo, kwa kupandisha pH, huifungua molibdeni iliyokwisha kuwemo ardhini. Kutumia vyote viwili kwa pamoja ni kurudia dozi. Katika ibushi na kingo za mbuga kuiongeza hakuna sababu ya kiagronomia, na kuna sababu ya kitabibu ya kuiacha.

Sababu hiyo ilijulikana kwanza huko Somerset, Uingereza, ambako ng'ombe wa maziwa waliochungwa katika malisho fulani yenye chokaa walikuwa wakiharisha na kukonda kila mwaka. Mwaka 1938 Ferguson, Lewis na Watson walionesha kwamba chanzo kilikuwa molibdeni nyingi ndani ya nyasi zilizoonekana nzuri kabisa, na kwamba salfeti ya shaba iliponya. Utaratibu wake ulielezwa baadaye: ndani ya tumbo la kwanza la mnyama acheuaye, molibdeni huungana na salfa na kuunda thayomolibdati, ambazo huikamata shaba na kuizuia isifyonzwe. Mnyama hufa njaa ya shaba akiwa na shaba mdomoni. Nchini Kenya, uchunguzi wa Maskall na Thornton katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, uliochapishwa mwaka 1989, uliangalia suala la shaba kwa wanyamapori katika mazingira ya udongo wa alikali, hivyo jambo hili si la Ulaya pekee.

Wataalamu hutazama uwiano wa shaba kwa molibdeni katika lishe yote. Ukishuka chini ya 2:1, hatari huanza. Turejee mfano wa awali: alfalfa yenye shaba 8 na molibdeni 2 ina uwiano wa 4:1. Molibdeni ikipanda hadi 6, jambo linalowezekana katika udongo wa alikali, uwiano hushuka hadi 1.3:1, ilhali majani ni ya kijani na mavuno hayajapungua hata kilo moja. Sasa alfalfa hiyo ikiwa theluthi ya lishe, na theluthi mbili zikawa mabua yenye shaba 4 na molibdeni 0.5, uwiano wa jumla hurudi hadi takribani 2.3:1. Ng'ombe yuko salama, ila kwa nafasi ndogo. Mfugaji anayefurahia alfalfa yake na kuongeza sehemu yake hadi nusu ya lishe atakuwa amefika 1.8:1. Katika hali hii, kadiri zao linavyofanikiwa ndivyo mnyama anavyokaribia hatari.

Dalili zake kwa ng'ombe ni rangi ya manyoya kufifia, weusi ukageuka kuwa kutu, hasa kuzunguka macho kama miwani, kuharisha, upungufu wa damu, na majike kuchelewa kushika mimba. Mfugaji wa Kisukuma anayemtambua kila ng'ombe wake kwa rangi ataiona dalili ya kwanza mapema kuliko maabara. Tatizo ni kwamba ataihusisha na minyoo au kiangazi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa majani mabichi anayoyakata yanaweza kuhusika. Tiba ya shaba nayo si ya kutolewa kwa kubahatisha: kiasi kinachomfaa ng'ombe humuua kondoo, na katika mazizi mengi wanyama hao hulala pamoja.

7.0 Maji

Maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi chache sana. Uwezo wake wa kupitisha umeme ni takribani desisimensi 0.1 kwa mita. Kwa kawaida hilo huhesabiwa kuwa sifa. Kwa umwagiliaji lina pande mbili. Maji hayo hayapandishi chumvi ya udongo, lakini pia hayawezi kutegemewa kuleta boroni, kama yafanyavyo maji ya visima katika nchi nyingi kavu. Zaidi ya hayo, mwongozo wa Ayers na Westcot wa FAO huonya kwamba maji yenye chini ya desisimensi 0.2 husambaratisha chembe za mfinyanzi, hasa penye magadi, na kuziba uso wa udongo. Maji yakisimama juu ya ardhi iliyozibwa, mizizi hukosa hewa, na majani hupauka kwa namna ambayo mtu huweza kuiita upungufu wa chuma.

Visima vya maeneo ya chini vina shida ya upande wa pili: maji yake huweza kubeba bikaboneti, ambayo hupandisha pH ya udongo mwaka baada ya mwaka. Shamba lililoanza likiwa salama kwa molibdeni laweza lisiwe salama baada ya misimu kadhaa ya maji hayo. Jasi hutumika kurekebisha udongo wa magadi, na salfeti yake hushindana na molibdati kwenye mzizi, hivyo hupunguza kiasi kinachoingia mmeani. Lakini salfa hiyohiyo, ikizidi katika lishe, huchangia thayomolibdati tumboni. Faida yake, kwa hiyo, ithibitishwe kwa kupima majani baada ya kutiwa jasi.

8.0 Utaratibu wa upimaji

Katika mazingira ya Mwamanyili, sampuli za udongo zichukuliwe kwa kufuata majina ya Kisukuma na si mipaka ya mashamba, kwa kuwa shamba moja huweza kuwa na isanga upande wa juu na ibushi upande wa chini. Sampuli ya mchanganyiko wa sehemu hizo mbili hutoa wastani wa udongo usiokuwepo popote. Uchambuzi wa boroni kwa maji ya moto na wa metali kwa DTPA unafanyika katika maabara kama zile za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na TARI Mlingano, Tanga. Umbali ni mkubwa, lakini sampuli chache zilizochaguliwa vizuri zina gharama ndogo kuliko mfuko wa busta unaonunuliwa kila mwezi.

Shambani, mistari miwili ya majaribio, mmoja wenye boroni na mwingine usio nayo, ikirudiwa mara tatu kukata mteremko, humpa afisa ugani jibu ndani ya mikato mitatu. Molibdeni ijaribiwe kwenye udongo wa juu tu, na pale tu ambapo vinundu vimekaguliwa na kuonekana vyeupe licha ya mbegu kupakwa bakteria. Kila uchambuzi wa majani ujumuishe shaba na molibdeni hata kama swali lililoulizwa lilikuwa la boroni, na matokeo yake yapelekwe kwa afisa mifugo wa kata pamoja na mgao wa lishe ya kila siku. Kwa ng'ombe wanaolishwa alfalfa ya ibushi, damu ipimwe shaba mara mbili kwa mwaka: mara moja mwisho wa masika, na mara ya pili mwezi Septemba, wakati mabua yamekwisha na sehemu ya alfalfa katika lishe iko juu kuliko wakati mwingine wowote.